Askari Hafi kwa Risasi Peke Yake

Mwishoni mwa Aprili 2025 majeshi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) yalianza kuondoka Goma, mashariki mwa Kongo. Misafara ya malori ilikatiza Rwanda, ikaingia Tanzania na kusimama Chato. Tanzania ni mojawapo ya nchi tatu zilizotoa askari wa kikosi hicho, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na miezi mitatu ya mwisho askari hao waliimaliza wakiwa wamezingirwa kambini, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa M23. Hapa Unguja habari ile ilipokelewa kwa namna mbili. Wako waliosema wameshindwa, warudi tu, vita vyenyewe havikuwa vyetu. Wako waliosema wamerudi, alhamdulillahi, basi yamekwisha. Nimekaa kwenye baraza zaidi ya moja nikiyasikiliza maneno hayo yakigongana, na naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Wa kwanza anayapima mateso ya askari kwa matokeo ya vita. Wa pili anayapima kwa idadi ya majeneza. Na nyuma yao yuko wa tatu, ambaye husema kwa sauti ya chini kidogo: hata hivyo, walikwenda kutafuta pesa.

Vipimo vyote vitatu ni vibovu. Sehemu kubwa ya anachokitoa askari hakitoki kwenye mapigano. Kinatoka njiani, kambini, katika maradhi na katika kungoja, kisha kinaendelea kutoka miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza, na wanaokitoa ni wengi kuliko yeye aliyevaa gwanda. Jamii inayojua kuhesabu risasi tu haiwezi kujua inadaiwa nini. Sisi wa visiwani tuna udhuru wetu wa ziada. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo tumezoea kuuona na msiba wa askari kuwa ni wa Muungano, unaoshughulikiwa huko ng'ambo ya bahari na watu wengine.

Mfano wa kwanza uko hapa hapa, baharini mbele ya Mji Mkongwe. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka kwenye delta ya Rufiji ikaishambulia Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na wengi wao wamelala kisiwani Chapwani mpaka leo, chini ya majina yao. Sina kinyongo na makaburi yale. Walikuwa vijana wa watu, walikufa mbali na mama zao, na ni haki yao kutajwa. Lakini katika vita hivyo hivyo Waingereza walichukua wapagazi karibu milioni moja Afrika Mashariki na Kati, vijana wa visiwa hivi wakiwamo, wabebe risasi, unga na vipande vya mizinga kupita nchi ambayo mbung'o walikuwa hawamwachi farasi wala ng'ombe hai. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 100,000. Hawakufa kwa kupigana, maana wengi hawakupewa hata bunduki. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, uchovu, na unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao hawakupewa nafasi ya kuupika ukaiva.

Mwaka 1927 wakasimamishiwa mnara Dar es Salaam, ule wa askari wa shaba mwenye bunduki, wenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ukizunguka mnara huo wote hukuti jina la mtu hata mmoja. Jina lililobaki ni la kikosi chenyewe cha wapagazi, na hilo tumelipa soko: Kariakoo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tulifurahi kusikia, na tulikuwa na haki ya kufurahi, ila radhi ile ilipaswa kutufanya tujitazame na sisi wenyewe.

Maana baada ya hapo vita vilikuwa vyetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Jeshi lilipanuliwa kutoka watu wapatao 40,000 hadi zaidi ya 150,000 kwa kuingiza mgambo, polisi na magereza. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Tunavijua vita hivyo kwa nyimbo, kwa hotuba na kwa jina la mapigano ya Lukaya. Kinachotajwa kwa nadra ni hesabu ya vifo vyenyewe. Waandishi wa habari waliofuatana na jeshi letu wakati ule waliandika kwamba askari wa Tanzania waliokufa walikuwa 373, na kati yao waliouawa katika mapigano ni 96. Robo tu. Waliobaki waliondoka kwa ajali na maradhi. Ukimwambia mtu hivyo, wa kwanza atasema basi vita vyenyewe vilikuwa vyepesi. Mimi naisoma hesabu hiyo kinyume chake. Inaonyesha kwamba hata jeshi lililoshinda, tena lililoshinda upesi, lilipoteza watu wake wengi mahali ambapo hakuna wimbo unaopaimba.

Nina jirani yangu Mwanakwerekwe, mzee aliyekwenda Uganda akiwa na umri wa miaka 22. Siku moja nilimuuliza kama alijeruhiwa. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sikupigwa risasi. Mimi nilitembea." Kisha akavua makubadhi. Vidole viwili vya mguu wa kulia havina kucha, na ngozi ya katikati ya vidole ni nyeupe na imepasuka kama udongo wa chumvi. Buti lilikaa na maji ya mvua za masika mguuni kwa wiki kadhaa, maana kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200 na wao walizikata kwa miguu, wakilala walipofikia. Kila usiku tangu wakati huo mkewe humpashia maji, akayatia chumvi kwenye beseni, yeye akaichovya miguu, halafu akaipaka mafuta ya nazi. Zaidi ya miaka 40. Rafiki yake, kijana wa Makunduchi waliyekula naye sahani moja, alikufa lori lilipopinduka wakiwa njiani kurudi nyumbani, vita vimekwisha. Kwa hesabu za barazani, mzee huyu alirudi salama, na yule wa Makunduchi alikufa kwa ajali ya gari.

Miaka ya karibuni watoto wetu wamekwenda mbali zaidi. Julai 2013 askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Agosti mwaka huo huo meja wetu mmoja akauawa karibu na Goma. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa usiku, na Tanzania ikapoteza askari 15, miongoni mwao watoto wa visiwa hivi. Aprili 2024 watatu waliuawa kwa kombora la mota, na Januari 2025 wawili zaidi wakati Goma inaanguka. Nataka nisimame kidogo kwenye misiba hiyo, maana ina uchungu wa aina yake ambao mtu wa Zanzibar anapaswa kuuelewa haraka kuliko mwengine. Kwetu mtu akifa alfajiri, adhuhuri au alasiri yuko kaburini. Jamaa humwosha wenyewe, humkafini wenyewe, mwanawe hushuka mwanandani kumpokea. Mikono ya familia ndiyo inayomuaga. Askari aliyekufa Kongo hufika baada ya siku kadhaa, ndani ya sanduku lililofungwa na kufunikwa bendera, na nyumbani huambiwa lisifunguliwe. Wazee hunong'ona kama huoshwa au ni shahidi haoshwi, na hilo nawaachia mashekhe. Lakini swali la mama mmoja nililolisikia msibani halikuwa la fiqhi. Aliuliza, "Nitajuaje kuwa ni yeye?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Wanaume waliinamisha vichwa, khitma ikasomwa, na mama yule akabaki na swali lake.

Sasa nije kwenye hoja ya pesa, maana ndiyo inayosemwa sana na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba posho ya kulinda amani hujenga nyumba. Ziko Fuoni na Kisauni nyumba ambazo watu huziita za Darfur, na mwenye nyumba mwenyewe hakatai. Ni kweli pia kwamba Umoja wa Mataifa hulipa. Kiwango kilichopitishwa 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari. Lakini fedha hiyo hulipwa serikali iliyotoa kikosi, na serikali ndiyo inayomlipa askari kwa taratibu zake. Kikosi cha SADC kilichozingirwa Goma hakikuwa hata cha Umoja wa Mataifa. Hayo ni ya hesabu tu. La msingi ni kwamba malipo hayajawahi kuwa kipimo cha kilichotolewa. Mvuvi wa Kojani huenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, kwa ajili ya fedha, na bahari ikimchukua hatusemi kwamba alikuwa analipwa. Tunakwenda kumzika, au tunakaa ufukweni siku tatu tukingoja mwili. Kwa nini askari tu ndiye ambaye mshahara wake unakuwa hati ya kutufutia deni? Nadhani ni kwa sababu mvuvi tunamwona akiondoka, tunaijua ngalawa yake, na askari huondoka usiku kwa ndege ambayo hatukuiona.

Hoja kwamba vita si vyetu ina uzito zaidi, na siipuuzi. Mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini kijana wa Donge apelekwe Sake, huko karibu na Goma, kwa idhini ya nani, kwa lengo gani na mpaka lini. Mimi mwenyewe naona kikosi cha SADC kilipelekwa dhidi ya adui aliyejizatiti bila ndege za kutosha wala nguvu ya kutosha, na makosa ya namna hiyo hulipwa na watu ambao hawakukaa kwenye meza ya maamuzi. Lakini lawama hiyo inamwendea aliyetuma. Tunachofanya sisi ni kuichukua na kumbebesha aliyetumwa, tukidhani kwamba vita visivyotuhusu huzaa wafu wasiotuhusu. Kijana hakuchagua Sake. Alichagua kazi, akala kiapo, akapewa amri. Tena mtu anayeguswa kwelikweli na mateso ya askari ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai mjadala wa wazi kabla ya kikosi kuondoka, maana baada ya hapo kinachobaki kujadiliwa ni rambirambi.

Iko hoja nyingine ambayo huwa haisemwi hadharani, na ndiyo nzito kwangu. Pemba, na hata sehemu za Unguja, wako watu ambao gwanda halijawahi kuwakumbusha Kagera. Linawakumbusha Januari 2001. Maandamano ya baada ya uchaguzi yalizimwa kwa risasi. Tume ya Mbita, iliyoundwa na serikali kuchunguza, ilihesabu waliokufa 31, mashirika ya haki za binadamu yakataja idadi kubwa zaidi, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, Watanzania wakawa wakimbizi. Mtu aliyempoteza ndugu yake Micheweni siku ile, unamwambiaje leo aomboleze askari? Sina jibu rahisi, na sidhani kwamba anayo mtu yeyote. Ninachoweza kusema ni kwamba kumtaka asahau kwanza ndipo aomboleze ni dhuluma, na haitafaulu. Orodha ya askari waliokufa nje haiwezi kuwa na heshima mbele ya watu wa Pemba ikiwa wale 31 hawana orodha yao. Majina ya pande zote mbili yanaweza kuandikwa bila ya moja kufuta jengine. Na katika vijiji vya kaskazini Pemba hii si nadharia. Ziko familia zilizozaa aliyekimbilia Shimoni na aliyejiunga na jeshi, tumbo moja, na mama yao huwaombea dua wote wawili kwa pamoja.

Wako pia wanaoogopa kwamba kuwakumbuka askari ni kuvipamba vita. Hofu hiyo ni ya haki. Gwaride na mizinga ya heshima huweza kumfanya kijana wa miaka 18 aone kufa kuwa jambo jepesi na zuri. Dawa yake ni kusimulia kwa ukamilifu zaidi: miguu iliyooza, sanduku lisilofunguliwa, kuhara damu. Sijui kijana anayeweza kuvitamani vita baada ya kuiona miguu ya jirani yangu kwenye beseni.

Waliorudi hai ndio tunaowakosea zaidi. Namkumbuka mmoja, aliyerudi kutoka Kongo kijana mwenye afya, posho mkononi, bati za nyumba zimekwisha kununuliwa. Usiku wa kuamkia Januari 12, fashifashi za Mapinduzi zilipolipuka saa sita, mkewe alimkuta chini ya kitanda amemlalia mtoto wao mchanga, mkono umemziba mdomo asilie. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukasema amepagawa. Alipelekwa kuzinguliwa, akanyweshwa kombe, akasomewa kisomo siku saba. Sitaki kudharau kisomo. Kilimpa utulivu ambao hakuupata pengine. Lakini hakuna aliyemuuliza alichokiona. Hospitalini hakutaka kwenda, kwa sababu kwetu mtu akitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, huona heshima yake imekwisha, na askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba hofu ni aibu. Akabaki katikati, na majirani wakawa wanasema ana bahati, ana nyumba.

Hapa ndipo udhuru wa Muungano unapoanguka. Ni kweli kwamba jeshi, pensheni na amri za kwenda vitani si mambo ya Serikali ya Mapinduzi. Lakini afya iko mikononi mwetu. Skuli zetu tunaziendesha wenyewe. Mahakama ya Kadhi inayogawa mirathi ya askari aliyekufa ni yetu, na sheha anayemwandikia mjane barua ya utambulisho ni wetu. Mjane mmoja wa Wete alitakiwa na ofisi moja afike mwenyewe kutia saini karatasi za mafao ya mumewe, naye alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke wetu hasafiri. Barua zikamfuata zikisema faili litafungwa. Alipotoka edani akapanda boti hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, na kila safari ikakosekana karatasi moja. Mara nne amevuka bahari, mtoto mgongoni. Aliyeandika barua ile pengine hakuwa na ubaya wowote. Hakujua eda ni nini, na upande wetu hakuna aliyejipa kazi ya kumwambia. Kazi hiyo haihitaji kubadilisha Katiba. Inahitaji mtu mmoja katika kila wilaya ambaye jukumu lake ni familia za askari: kufuatilia faili badala ya mjane, kumjua mganga wa akili anayeweza kumtembelea mtu nyumbani kwake bila mtaa mzima kujua, kukaa na walimu wa mtoto aliyefiwa.

Na majina. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka ngao na mkuki na mashada ya maua, na jambo hilo ni jema. Lakini ukitoka Darajani mpaka Michenzani hukuti ukuta wenye majina ya watoto wa visiwa hivi waliokwenda Kagera, Darfur na Kongo wasirudi. Masheha wana madaftari yao. Wanaandika wanaozaliwa, wanaokufa, wanaohamia. Wangeweza kuanza mwaka huu, shehia kwa shehia, kuuliza nani aliondoka hapa na gwanda, akarudi au hakurudi, na aliyerudi amerudi na nini. Serikali ikichelewa, misikiti na skuli zianze. Jambo hili lina haraka, kwa sababu waliopigana 1979 wanakaribia miaka 70 na waliowapita umri wanatutoka kila mwezi.

Nilimwambia jirani yangu kuhusu wazo hili, nikamwomba anitajie wale alioondoka nao siku moja, waliopanda naye meli bandarini. Alikunjua mkono akaanza kuhesabu kwa vidole: wa Makunduchi, wa Chwaka, ndugu wawili wa Mkokotoni, wa Chake, mwengine wa Chake, wa Bumbwini. Kila mmoja alimtaja kwa jina lake na la babake. Alipofika kidole cha nane alinyamaza. Alisema alikuwa mrefu, akipenda kuimba, alikufa kwa homa Masaka na wao ndio waliomzika. Akamwita mkewe aliyekuwa ndani akipasha maji, akamuuliza yule mrefu aliyekuwa akija kula kwao kabla ya vita alikuwa akiitwa nani. Bibi akatoka na beseni, akaliweka chini, akafikiri kwa muda mrefu. Naye halikumjia.